Mgeni Siku ya Tatu: Vihariri, Viendelezi na Laptopu ya Mtumba

Binamu yangu aliandika neno function, akaondoa vidole kwenye kibodi, akangoja. F ikatokea. Kisha u. Halafu zile herufi nyingine zikaja zote kwa pamoja, kama abiria wanaoshuka kwenye matatu iliyokwama kwa jam. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai na nilikuwa karibu kucheka, lakini akasema bila kugeuka: "Cuzo, nadhani hii mambo ya kukodi si yangu. Wenzangu darasani wako fasta. Mimi ni mzito."

Laptopu yake ni ya mtumba, zile zinazoitwa ex-UK, RAM ya 4 GB na diski ya kuzunguka. Aliinunua Luthuli kwa pesa alizoweka akiba tangu amalize shule. Haina shida yoyote. Inacheza filamu, inafungua barua pepe, inaandika CV. Nilimwomba anionyeshe orodha ya viendelezi kwenye kihariri chake. Tulihesabu 38. Vingine alivipata kwenye video za "viendelezi kumi ambavyo lazima uwe navyo", vingine mwalimu aliambia darasa zima liviweke, vingine hakumbuki vilifikaje. Tukavizima vyote, tukafungua kihariri upya, akaandika lile neno tena. Herufi zikatoka pamoja na vidole.

Hakufurahi. Alikasirika. Kwa miezi mitatu alikuwa ameamini kwamba ule uzito ni wake.

Hasira yake ndiyo imenifanya niandike. Kwenye kurasa kama hizi tunahakiki riwaya, albamu na filamu, lakini kihariri cha msimbo tunakiona kama kifaa tu, kitu cha kusifiwa au kulaaniwa pale kwenye meza ya kazi na basi. Mimi naona ni kazi ya sanaa kama nyingine. Ina waandishi, ina ladha, ina mapokeo, na zaidi ya yote ina msomaji ambaye waandishi wake walimuwazia walipokuwa wakiitunga. Swali langu kwa vihariri ni lile tunalomuuliza mwandishi yeyote: ulikuwa unamfikiria nani? Kwenye riwaya jibu hujificha kwenye lugha. Kwenye kihariri linapimwa kwa milisekunde.

Tuanze na vi. Bill Joy aliiandika mwaka wa 1976, akiwa mwanafunzi wa uzamili pale Berkeley, California. Amewahi kueleza kwamba alikuwa akifanya kazi kupitia modemu ya baudi 300. Hiyo ni takriban herufi 30 kwa sekunde. Piga hesabu: skrini yenye mistari 24, kila mstari herufi 80, ina nafasi 1,920. Kuijaza upya kutoka juu hadi chini kungemchukua zaidi ya dakika moja. Ungefika jikoni na kurudi kabla ukurasa haujamaliza kujichora.

Kwa hivyo vi haipotezi neno. Herufi d ni kufuta, w ni neno, basi dw inafuta neno. Herufi c ni kubadilisha, basi cw inabadilisha neno. Ukibonyeza dd, mstari mzima umeenda. Ni sarufi ya vitenzi na nomino, na ukishaielewa unaanza kutunga sentensi ambazo hakuna aliyekufundisha. Watu wengi huiona lugha hiyo kama mbwembwe za wazee wa kompyuta. Si mbwembwe. Ni umaskini wa laini uliogeuzwa kuwa mtindo, vile mizani inavyombana mshairi wa tarbia hadi aseme kwa silabi nane alichotaka kukisema kwa ishirini. Msomaji aliyewaziwa na vi ni mtu mwenye laini mbovu na mashine isiyo na haraka. Sisi huyo mtu tunamjua.

Kutoka kwa vi akazaliwa Vim, kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, iliyotolewa mwaka wa 1991 kwa kompyuta za Amiga. Na hapa hadithi inatufikia nyumbani kabisa. Ukifungua Vim bila kutaja faili, katikati ya skrini hutokea ujumbe mfupi, na kwa miaka mingi ndani yake kumekuwa na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikaa mwaka mzima, 1994, akifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililopigwa vibaya na UKIMWI. Aliporudi kwao hakutaka alipwe kwa programu yake. Alisema ukiipenda, toa mchango kwa watoto wale. Alishikilia hilo hadi alipofariki Agosti 2023.

Nilipoona ujumbe huo mara ya kwanza nilihisi fahari ya ajabu ajabu. Aki, Uganda! Hapo jirani! Kisha nikaona aibu kidogo. Programu inayofunguliwa kila siku na wahandisi wa dunia nzima inaitaja Afrika Mashariki, na inapoitaja, tumesimama mlangoni tumenyoosha mkono. Hatupo pale kama watu wanaoandika. Tupo kama sababu ya kutoa.

Lakini mhakiki asiyekuwa mchoyo lazima ahesabu na upande wa pili. Programu hiyo yenye ombi mlangoni ndiyo hiyo hiyo ambayo mtoto wa Kibaale angeweza kuitumia leo kwenye mashine yoyote atakayopewa, hata iliyotupwa na ofisi. Inafunguka kabla hujapepesa jicho. Vihariri vipya havina ombi lolote la mtoto. Tovuti zao zimejaa maneno ya "kila mtu" na "popote". Ila ukiviweka kwenye laptopu ya 4 GB ndipo unagundua huyo kila mtu ni nani. Moolenaar alituandika vibaya kwenye ukurasa wa kwanza, akatufikiria vizuri kwenye kitabu chote. Wengine wamefanya kinyume.

Sasa viendelezi. Wazo lenyewe ni la zamani, na ni zuri. Emacs, iliyoanza MIT mwaka huo huo wa 1976, ilikuwa mkusanyiko wa makro zilizowekwa juu ya kihariri kingine kilichoitwa TECO. Richard Stallman na wenzake walijenga kitu ambacho mtumiaji angeweza kukiandika upya akiwa ndani yake. Maana yake mwandishi anakwambia: hiki kitabu sijakimaliza, kimalize wewe. Watu wakakimaliza kweli kweli, hadi ukatokea utani kwamba jina Emacs ni kifupi cha kusema inakula megabaiti nane na haiachi kuhamisha vitu kwenye diski. Leo megabaiti nane ni picha mbili tatu za simu, lakini ule utani haujazeeka hata kidogo. Uweke akilini, tutakutana nao tena.

Mwaka wa 2014 GitHub walileta Atom. Hawa walichukua teknolojia ya kutengenezea tovuti wakaijengea kihariri, juu ya msingi ambao sasa unaitwa Electron. Electron maana yake ni kwamba kila programu inabeba kivinjari chake kizima, Chromium, pamoja na Node.js. Sifa yake ni kubwa: yeyote anayejua kutengeneza ukurasa wa wavuti anaweza kuandika kiendelezi. Mlango ulifunguliwa kwa watu wengi ambao Lisp ya Emacs ingewafukuza. Gharama yake pia ni kubwa: unawasha kivinjari kizima ili uandike maandishi. Atom ilipendwa na ikalalamikiwa kwa pumzi moja. Microsoft wakainunua GitHub mwaka wa 2018, na Desemba 2022 Atom ikafungwa rasmi.

Iliyoizika ni VS Code, ambayo Microsoft waliitangaza Aprili 2015. Kinachonivutia kama mhakiki ni hiki: VS Code nayo imejengwa juu ya Electron. Injini ni ile ile. Kwa nini moja ilikufa na nyingine ikatawala? Siwezi kusema sababu ilikuwa kasi peke yake, kwa maana kulikuwa na pesa na nguvu za kampuni nyuma yake. Lakini kuna tofauti moja ya utunzi ambayo unaweza kuisoma waziwazi.

Timu ya VS Code iliongozwa na Erich Gamma, mmoja wa waandishi wanne wa kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994. Wao waliwakaribisha wageni, ila wakawajengea nyumba ya wageni nje. Viendelezi vya VS Code haviishi kwenye mchakato ule unaochora herufi zako. Vinaishi kwenye mchakato wao tofauti, na vinaongea na kihariri kwa kutumiana ujumbe. Kiendelezi kikikwama huko, kishale chako kinafaa kiendelee kutembea huku. Isitoshe, kiendelezi hakiamki hadi kiitwe: cha Python kinalala hadi ufungue faili ya Python. Na mwaka wa 2016 wakaja na itifaki ya seva za lugha, ambayo inafanya maarifa ya lugha moja yaandikwe mara moja na kutumiwa na vihariri vingi, hata Vim na Emacs.

Wahenga walituachia methali mbili kuhusu wageni na hazipatani. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atom iliishi kwa ile ya kwanza tu. VS Code ilijaribu kuishi kwa zote mbili, na hilo ndilo lililoipa makali.

Mfano mzuri zaidi ni ule wa mabano. Kulikuwa na kiendelezi kilichopaka rangi mabano ili ujue lipi linafunga lipi. Mamilioni ya watu walikitumia. Kilikuwa kizuri na kilikuwa kizito. Kwenye faili moja kubwa ya mradi wa TypeScript, yenye mistari zaidi ya 42,000, rangi za mwisho wa faili zilichukua zaidi ya sekunde kumi kujisahihisha ukibadilisha kitu juu. Mwaka wa 2021 timu ya VS Code ikaiingiza kazi hiyo ndani ya kihariri chenyewe, wakaipanga kwa muundo wa mti ambao unakumbuka mabano yaliyokwisha kuhesabiwa na kugusa tu palipobadilika. Wakatangaza kwamba ni haraka mara 10,000.

Watu walishangilia hiyo namba. Mimi nilibaki na sababu. Aliyeandika kile kiendelezi hakuwa mvivu. Alikuwa nje. Ule ukuta unaokulinda wewe dhidi ya mgeni mbaya ndio ulimzuia yeye asifike kwenye maandishi kwa haraka. Kila rangi ilibidi ipite mlangoni kwa ujumbe. Kwa hivyo kuna kasi ambayo mgeni hawezi kuifikia hata akijitahidi vipi, na ni mwenye nyumba pekee anayeamua nani ahamie ndani. Yule mgeni alilima shamba miaka mingi, mwisho shamba likawa la mwenye nyumba. Sisemi ni wizi, kwa sababu sote tulifaidika. Nasema hivyo ndivyo ukarimu wa kampuni unavyofanya kazi, na ni vizuri tuuone ulivyo.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza ni kwamba ukuta unazuia kelele lakini hauzuii njaa. Kila seva ya lugha ni mchakato wake, na RAM yake. Kikagua makosa kina RAM yake. Msaidizi wa akili unde ana yake. Kinachochunguza kila faili inapobadilika kina chake pia. Wote wako nje ya nyumba, sawa, lakini wote wanakula sufuria moja. RAM ya 4 GB ikiisha, mfumo unaanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha, na diski ya kuzunguka haina haraka na mtu. Hapo ndipo herufi zinaposhuka kama abiria. Ule utani wa Emacs umerudi, megabaiti tu ndizo zimegeuka gigabaiti.

La pili ni risiti. Ukurasa wa kiendelezi sokoni unakuonyesha nyota, mchapishaji na idadi ya waliokisakinisha. Haukuambii kabla hujakichukua kwamba kwenye mashine kama yako kitakula RAM kiasi gani. Ukienda kibandani unajua bei ya chapati kabla hujaiuma. Hapa unauma kwanza. Na ile idadi ya waliosakinisha inakudanganya kwa upole, kwa sababu inahesabu waliokaribisha, haihesabu waliofukuza.

Nikiwa mkweli, vyombo vya kupima vipo, na vingine ni vya kupendeza. Ndani ya VS Code kuna amri inayoorodhesha viendelezi vilivyo macho na kukwambia kila kimoja kilichukua milisekunde ngapi kuamka. Kuna dirisha linaloonyesha kila mchakato na RAM yake. Na kuna kitu kinaitwa Extension Bisect ambacho mimi nakiona ni kati ya mambo ya kifahari zaidi kwenye programu nzima. Kinazima nusu ya viendelezi vyako na kukuuliza: shida bado ipo? Kulingana na jibu kinachukua nusu yenye shaka, kinaigawanya tena. Ukiwa na viendelezi 40, maswali sita hivi yanatosha kumpata mkosaji. Ni upelelezi safi, hauhitaji uwe mtaalamu, unahitaji kujibu ndiyo au la.

Lakini viko wapi? Viko kwenye orodha ya amri, mahali ambapo lazima ujue jina la kitu ndipo ukipate, na majina yenyewe ni Kiingereza cha fundi kwa fundi. Ni kama kuambiwa risiti ipo, ila uiombe kwa jina lake rasmi. Aliyewaziwa na vyombo hivi ni mtu ambaye tayari anashuku programu. Mwanafunzi hashuku programu. Anajishuku yeye.

La tatu ni uaminifu. Simu yako ikitaka kutumia kamera inakuuliza. Kiendelezi cha VS Code kikishaingia kinafanya kazi kwa mamlaka yako wewe: kinaweza kusoma faili zako, kuongea na intaneti, kuwasha programu nyingine. Februari 2025 Microsoft waliiondoa sokoni Material Theme, mandhari ya rangi iliyosakinishwa mamilioni ya mara, kwa shaka kwamba ndani yake mlikuwa na msimbo hatari. Wiki chache baadaye wakakubali walikosea, wakaomba radhi, wakairudisha. Wengi walibishana nani alimkosea nani. Mimi nilishangazwa na kitu kidogo zaidi. Mandhari ni orodha ya rangi. Kwamba orodha ya rangi inaweza kubeba msimbo unaoendeshwa, na sote tuliiingiza nyumbani bila kuuliza, hilo ndilo fundisho. Na mchapishaji wake hakuwa amefanya kosa. Wakati ujao huenda akawa mwingine ambaye amefanya.

Nasikia majibu mawili yakija. La kwanza: nunua laptopu ya maana. Niklaus Wirth aliandika mwaka wa 1995 kwamba programu zinakuwa nzito kwa haraka kuliko vifaa vinavyopata kasi, na miaka thelathini baadaye sioni aliyemkanusha. Laptopu ya maana ya mwaka huu ni mtumba wa Luthuli wa kesho kutwa. Ukikimbiza kivuli hicho utakimbia maisha yote, na kodi ya nyumba inakungoja.

Jibu la pili: wacha hizo, hamia Vim. Nimehamia na kurudi mara tatu, kwa hivyo naongea kama mtu aliyewahi kufukuzwa. Watu wa Vim na mdogo wake Neovim hubeba viendelezi pia, na wakivibeba bila hesabu wanajenga mzigo ule ule kwa mkono. Faili yenye mstari mmoja mrefu kupindukia itaisumbua Vim inapojaribu kuupaka rangi. Tofauti yao ni moja, na ni kubwa: utamaduni wa risiti. Ukiiwasha Vim kwa chaguo la startuptime inaandika kwenye faili kila kitu ilichopakia na milisekunde zake, mstari kwa mstari. Wana Neovim hupigana vijembe kwa sababu ya milisekunde ishirini. Ni uzushi wa aina yake, lakini mtu anayejua bei ya kila mgeni halaumu vidole vyake.

Na kuna Zed, kazi ya baadhi ya waliojenga Atom. Ni kama mwandishi aliyerudi kuandika upya riwaya yake ya kwanza. Safari hii waliacha Electron, wakaandika kwa Rust, wakaipa GPU kazi ya kuchora, na viendelezi wakavifungia ndani ya WebAssembly ambako haviwezi kuzurura. Januari 2024 wakafungua msimbo wake kwa umma. Ni haraka, sibishi. Lakini ilipofika kwenye Linux ilihitaji Vulkan, na laptopu nyingi za zamani hazina Vulkan ya kutosha. Kasi yake ni ya kweli, ila imewekewa masharti mlangoni, na tunarudi kwa lile swali letu: ulikuwa unamfikiria nani?

Itakuwa uongo nikiwaachia waandishi wa vihariri lawama yote. Nami niliwahi kufungua orodha yangu na kukuta mandhari sita za rangi, ilhali macho ni mawili. Nilikuta vikagua makosa viwili vya lugha ambayo siiandiki. Nilikuta paka mdogo anayetembea chini ya skrini, ambaye nakiri nilimpenda. Kwa nini niliviweka? Kwa sehemu ni kujipamba. Kwa sehemu kubwa ilikuwa woga. Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, kila mtu anaonekana kuwa na siri ambayo huna, na kiendelezi kinauzwa kama siri hiyo. Unakiweka vile mtu anavyofunga hirizi. Hirizi haijulikani kama inafanya kazi, lakini nani atathubutu kuivua?

Sisi tunasema kukodi, na mwenye kamusi atatucheka, kwa sababu kukodi ni kulipia kitu cha mtu ili ukitumie kwa muda. Mimi nadhani tumelipata neno sahihi kwa bahati. Viendelezi ni vya bure sokoni, lakini kodi yake tunailipa kila siku kwa RAM, kwa betri, kwa sekunde, na mwenye mashine ndogo analipa zaidi kuliko mwenye mashine kubwa kwa mgeni yule yule. Hakuna kodi isiyo ya haki kama hiyo.

Basi hukumu yangu ni hii. VS Code ni kazi kubwa, iliyotungwa kwa akili, na ukarimu wake umewaingiza wengi kwenye chumba hiki ambao wasingethubutu kubisha mlango wa Vim. Lakini ukarimu unaoficha bei ni nusu ya ukarimu. Ninachokitaka si kihariri kisicho na wageni. Nataka bei iandikwe mlangoni, kwa lugha ya mtu wa kawaida, kabla sijasema karibu. Nataka programu iniambie yenyewe, bila kuulizwa: ndugu, si vidole vyako, ni huyu hapa. Kuwa na kipimo na kukificha kwa asiyejua kukiita ni uamuzi wa utunzi, na ni uamuzi mbaya.

Hadi siku hiyo, nyumbani kwetu tunatumia methali ya pili. Kiendelezi kipya kinakaa siku mbili. Siku ya tatu tunakipa jembe: kimefanya kazi gani? Kama hakuna, kinaenda. Kinachohitajika kwenye mradi mmoja kinawashwa kwenye mradi huo tu, kwingine kinalala. Vihariri vingi vinaruhusu hilo ukivitafuta vizuri.

Binamu yangu amebaki na viendelezi vitano. Wiki jana alinitumia ujumbe usiku, picha ya skrini yenye makosa mekundu kumi na moja kwenye faili ya mistari sitini. Chini yake aliandika: "Cuzo, haya sasa ni yangu." Nilimpigia, tukayapitia moja moja hadi saa sita.